Kidole cha Bi Mwanne

Kisarawe,
9 Septemba 1936

Dada yangu mpenzi Biubwa,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja, na nakuomba kwa ajili ya Mama, Mungu amrehemu. Barua hii isome peke yako. Usimsomee shemeji Matano, usimwonyeshe jirani, wala usiisukume chini ya godoro ukasema utaimaliza kesho. Nimeiandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, makusudi, ili usihitaji mtu wa kukusomea, na makarani wenzangu hapa, ambao wamesoma misheni, wakiiona mezani wadhani ni dua. Ukimaliza itie motoni. Ila karatasi ya pili iliyokunjwa ndani yake usiichome. Habari zake utazikuta mbele.

Sasa shikamoo, dada. Umeamkaje baada ya arobaini? Mtoto je? Uliandika kwamba analia kwa sauti ya watu wawili na kunyonya kwa tamaa ya watu watatu, nikacheka peke yangu ofisini mpaka tarishi akanitazama. Mimi mwili wangu ni mzima, homa sina, ila usingizi umenikimbia na chakula nakiona kama mchanga. Baba naye hajambo kwa kusimama na kutembea. Zaidi ya hapo siwezi kumsemea.

Barua yako niliipata Jumamosi. Unaniuliza Bi Mwanne amepatwa na nini. Unasema tangu siku aliyokuzalisha alikuwa akija kila asubuhi kukukanda na kumwogesha mtoto, akikutania kwamba una mgongo wa mwanamke asiyewahi kushika jembe, na kwamba tangu aliporudi kutoka baraza la Kibuta hajatia mguu kwako. Unasema ulipotoka arobaini ulimfuata mwenyewe hadi Tangini, ukamkuta mlangoni anachambua mchele ambao ulikuwa umekwisha kuchambuliwa. Ulipomtajia jina langu akanyanyuka na ungo wake, akaingia ndani, akarudisha mlango taratibu. Ukaandika kwamba labda amechoshwa na safari.

Hakuchoshwa na safari, dada. Ni mimi. Nitakueleza tangu mwanzo, kwa mpango, maana ndivyo nilivyofundishwa, na nikiacha mpango nitakimbia kabla sijafika.

Unajua kwamba tangu baada ya Iddi ya Mfungo Tatu serikali inataka ujumbe, ule utawala wa majumbe, urudi kwa nyumba zenye asili. Bwana Shauri wetu, yule Mzungu wa wilaya, akaagiza kila nyumba inayodai iandikiwe historia yake katika kitabu kikubwa cha ofisi, na kazi hiyo akanipa mimi. Kwa upande wa Kibuta zilidai nyumba mbili, mojawapo ni yetu. Nilimwambia mapema kwamba anayedai ni baba yangu mzazi. Akasema hilo halimsumbui, mradi kila neno liwe na shahidi, na kila shahidi asomewe maneno yake ndipo atie dole gumba. Hiyo ndiyo kanuni yetu. Unasikiliza, unaandika, kisha unamsomea mwenyewe neno kwa neno. Akikubali, anatia kidole kwenye wino na kukikandamiza chini ya maandishi. Nimefanya hivyo miaka mitatu, na nilikuwa nikijiona mtu safi kwa sababu hiyo.

Nikaanza na Babu Kitwana, nikimfuata mwaka kwa mwaka, nikiweka maisha yake kando ya mambo ya dunia ya wakati ule. Nilipata mengi kwa wazee wa Kibuta na Chole. Ujana wake aliupitisha akichimba sandarusi, ile gundi ya ardhini, akiipeleka pwani kichwani mwa watu wake. Wadachi walipopigana na watu wa pwani, yeye alikaa kimya msituni mpaka ikajulikana nani ameshinda, kisha akatoka na mbuzi wawili kwenda kuwasalimu, wakampa ujumbe. Ilipoingia njaa kubwa, ile ya nzige na ukame, ghala yake ndiyo pekee iliyokuwa na mtama. Baadaye likaja agizo la kulima pamba, kila jumbe na shamba lake, watu wakalimishwa kwa viboko. Na mwaka wa Maji, 1905, shamba la pamba la Kibuta likang'olewa na kuchomwa, askari wakaja, na jumbe akanyongwa njia panda.

Hapo ndipo nyumba yetu inapoanzia, kwa jinsi tulivyolelewa mimi na wewe. Kwamba Babu aliambiwa akimbie akakataa. Kwamba alivaa kanzu nyeupe na kilemba, akaenda mwenyewe kwa miguu yake. Nililiandika hilo mwanzoni kabisa, kabla ya kumtafuta shahidi hata mmoja, maana nani angelikana? Bwana Shauri alilisoma mara mbili. Akaniambia nyumba yenye kichwa cha namna ile ndiyo nyumba inayokumbukwa na watu, na akasema mwakani jina langu litakwenda Dar es Salaam kuombewa cheo cha karani wa daraja la juu. Nikatoka ofisini kwake nimenyoosha mabega. Lililobaki ni kupata shahidi mmoja aliyeona kwa macho.

Ndipo ulipoandika, mwezi wa tano, kwamba huko kwenu kuna mama mmoja mkunga, ulipomtajia ukoo wako akasema babu yako alimjua na siku ile alikuwepo. Nilifurahi kama mtoto. Nikaazima baiskeli ya ofisi nikaja. Unakumbuka alivyonipokea? Alinitazama juu mpaka chini, akasema serikali imeishiwa watu mpaka inatuma korongo aliyevaa soksi. Wewe ukacheka mpaka ukashika tumbo. Kisha akakuambia nenda kapike, maneno haya si yako, mwenye mimba hasimuliwi habari za kamba. Ukaondoka ukinung'unika. Laiti ungebaki. Kwa kuwa sasa umejifungua salama na arobaini imekwisha, nakuambia aliyoniambia.

Mwaka wa njaa, kijana mmoja aitwaye Saburi aliletwa nyumbani kwa Babu na mjomba wake. Kwa desturi ya wakati ule mjomba ndiye mwenye mpwa, na njaa ikibana aliweza kumweka kwa mwenye chakula mpaka mvua inyeshe. Saburi aliwekwa kwa pishi za mtama, yeye na binti yake mdogo ambaye mama yake alikuwa amekufa kwa njaa hiyo hiyo. Mvua ikanyesha, mtama ukaota, mjomba hakurudi. Saburi akabaki mtu wa nyumbani, akilima, akibeba, akilala kwenye banda la nyuma. Yule binti ndiye Bi Mwanne.

Mwaka wa Maji alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi. Askari waliokuja hawakuwa wa huku, na sura ya jumbe wa Kibuta hawakuijua. Walikuwa na jina tu kwenye karatasi. Wakapiga kambi njia panda, wakatuma neno kwamba Kitwana aje. Babu akamwita Saburi. Akamwambia avae kanzu yake na kilemba chake, aende aseme yeye ndiye Kitwana. Kwamba watamtoza faini na kumtukana kidogo, basi, na kwamba akirudi, maneno ya mjomba wake yamekwisha, atakuwa huru yeye na mtoto wake. Bi Mwanne anasema baba yake alicheka, akauliza kama kilemba anaruhusiwa kukichukua moja kwa moja. Babu akasema chukua.

Ili askari waamini, mtoto akaagizwa afuate nyuma amebeba viatu, kama kijakazi wa jumbe. Akakatazwa kumwita baba. Amwite Bwana. Babu mwenyewe alimfanyisha mazoezi pale uani. Mtoto akikosea, anarudia.

Hakukuwa na faini, dada. Walimuuliza jina, akajibu alivyofundishwa. Walimuuliza kama shamba lililochomwa ni lake, akasema ni lake. Bi Mwanne anasema alipoona kamba alidhani ni ya kumfungia ng'ombe. Alipofahamu, akaita. Akaita Bwana. Aliita mara nyingi, na kila mara ulimi wake ulileta neno lile lile, kwa kuwa ndilo alilofundishwa na alikuwa anaogopa kukosea. Baba yake akamtazama, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, we mtoto, weka viatu chini, nenda nyumbani kwenu. Ndilo la mwisho.

Nilikaa pale juu ya kigoda na kalamu yangu, sikuandika. Yeye akanisubiri. Kisha akauliza kama wino umekauka.

Akaendelea. Babu alikuwa darini muda huo wote, juu ya magunia. Giza lilipoingia alishuka, akaondoka Kibuta, na akamchukua yule mtoto, maana mtoto aliyeona hawezi kuachwa akizurura. Akaenda kukaa upande wa Kibaha, hapo hapo Tangini, kwa jina la Mbaraka. Kwa watu wa huko wale walikuwa baba na binti. Kwa hiyo yeye ambaye hakuruhusiwa kumwita baba yake baba, alimwita baba mtu aliyempeleka mzazi wake kwenye kamba, miaka kumi na mitatu. Alimpikia, alimfulia. Wakati wa vita vya Mdachi na Mwingereza, watu walipokamatwa kubeba mizigo, yeye ndiye aliyemficha mzee vichakani na kumpelekea uji. Ikaja ile homa kubwa baada ya vita, mzee akaanguka. Siku ya mwisho akamwomba msamaha. Nikamuuliza, ulimsamehe? Akasema alimjibu, nimesikia. Akamzika. Kaburi analijua, analifyekea.

Na unamkumbuka, dada, yule mzee mgeni mwenye fimbo aliyekuja mara moja kwenye khitma ya Babu pale Kibuta, wewe ukiwa mkubwa wa kutosha kubeba mtungi, ukampelekea maji ya kunawa? Alinipa kipande cha muwa. Alikula wali wa khitma yake mwenyewe, akaitikia amina pamoja na watu, akaondoka kabla ya alasiri. Na mtani wetu Mfaume, kila mwaka, akifika tu mlangoni alikuwa akipiga kelele kwamba marehemu awekewe sahani yake maana yuko njiani na ana njaa, na kwamba mwaka huu asimalize nyama kama mwaka jana. Watu wakicheka mpaka machozi, Baba akimjazia Mfaume wali mara mbili. Tulidhani ni utani. Ulikuwa utani. Mtani hakatazwi kusema, na aliyesemwa hatakiwi kukasirika, kwa hiyo Kibuta nzima imekuwa ikilisema jambo hili kwa sauti miaka yote hiyo, na sisi wawili peke yetu ndio tuliokuwa hatusikii.

Nilipokuwa nafunga mfuko wangu nilimuuliza Bi Mwanne anataka nini. Nilidhani atataka mbuzi, au shamba, au Baba aje aangukie miguu yake. Akasema hataki kitu cha mtu. Anataka katika kile kitabu cha serikali iandikwe kwamba aliyenyongwa njia panda ya Kibuta ni Saburi, na kwamba Mwanne ni binti yake. Akanifundisha hasa litakavyoandikwa: Saburi, baba yangu. Akasema lisomwe mbele za watu mara moja tu, naye akiwepo. Kisha akanipa mahindi ya kuchoma ya njiani, akaniambia nisianguke na baiskeli nikaharibu soksi za serikali.

Nilikwenda moja kwa moja Kibuta kwa Baba, nikamweleza yote. Alisikiliza hali anasuka ukili. Hakuacha kusuka. Nilipomaliza akasema alikuwa kule darini naye, kijana wa miaka ishirini na mitatu, na sauti ya yule mtoto ilipofika alitaka kushuka, baba yake akamziba mdomo kwa kiganja mpaka meno yakamkata mdomo kwa ndani. Akafunua akanionyesha kovu. Nikamuuliza niandike nini. Nilitaka aniamrishe, dada, nilikuwa nimesimama pale nikimwomba Mungu aniamrishe. Akaniambia karani ni mimi. Akaniambia niandike ninavyoona haki, yeye amechoka kula ule wali.

Hayo ndiyo Baba aliyosema. Nimeyaandika hapa sawasawa ili usije ukamlaumu.

Sasa nafika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mwanzo wa barua.

Nilirudi Kisarawe nikakaa mezani na karatasi safi. Nikawaza kwamba Bwana Shauri amekwisha kusoma maandishi yangu ya kwanza na kuyasifu. Nikawaza ataniuliza kwa nini niliandika lisilo na shahidi. Atasema nimempamba baba yangu ili nimpatie ujumbe. Nitafukuzwa, labda nitafungwa, na kazi ya karani hairudi kwa mtu aliyeandika uongo. Niliwaza cheo. Kweli, nilikiwaza. Nikaandika maelezo ya Bi Mwanne kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Niliandika kwamba yeye, Mwanne, aliyekuwa mtoto wa nyumbani, alimwona jumbe Kitwana kwa macho yake akienda kwa hiari na kunyongwa njia panda, na kwamba alimfuata nyuma amebeba viatu vyake. Viatu nilivibakiza ili maneno yawe na sura ya kweli.

Katikati ya mwezi wa saba nikaja Tangini mara ya pili. Nilipita kwako, ulikuwa mzito, umelala, sikukuamsha. Tulikaa uani kwa Bi Mwanne. Nikafunua karatasi, nikamsomea. Lakini nilichosoma hakikuwa kwenye karatasi. Macho yangu yalikwenda kwenye mistari, kutoka kushoto kwenda kulia, kidole changu kikifuata, na mdomo wangu ukasema Saburi. Ukasema Saburi, baba yangu. Nilisoma yote aliyoniambia, kwa utaratibu wake, na sikukwama hata mahali pamoja.

Alilia, dada. Alifunika uso kwa ncha ya kanga. Akaniomba nirudie pale penye jina. Nikarudia. Akaniuliza neno baba liko wapi, alione. Nikamwonyesha neno. Lilikuwa neno jumbe. Akaligusa kwa kidole kabla sijafungua wino, akasema ni dogo kuliko alivyodhani. Kisha akatia dole gumba. Alikandamiza kwa nguvu zote mpaka wino ukaruka pembeni. Akaniambia, Mungu akuweke, mwanangu, umenipa baba. Wiki iliyofuata akakuzalisha.

Na mtoto mkampa jina la Kitwana. Bi Mwanne ndiye aliyembeba siku ya kunyolewa, akimwita kwa jina hilo na kumchekea, kwa sababu moyo wake ulikuwa umetua.

Baraza lilikuwa Alhamisi ya tarehe 27 Agosti. Bi Mwanne alikuja kwa miguu tangu alfajiri ya siku iliyotangulia, pamoja na akina mama watatu wa Mlandizi, amevaa kanga mpya. Alikuwa amewaambia wote. Akakaa mbele. Mimi nilikuwa nimejidanganya kwamba nitasoma tena kama nilivyosoma uani kwake, lakini Bwana Shauri alikuwa na nakala yake mkononi, na Kiswahili anakijua, na kalamu yake ilikuwa ikifuata mstari kwa mstari. Nikasoma kilichoandikwa.

Nilipofika kwenye viatu alikuwa bado anatabasamu, akisubiri mahali pake. Nilipomaliza na kukunja karatasi, akasimama. Hakupiga kelele. Alisema kwa Kizaramo kile cha wazee, kwa adabu, kwamba karani amesahau mahali, arudi nyuma kidogo. Akasubiri. Kisha akasema, pale penye baba.

Bwana Shauri hakufahamu. Akaniuliza mama huyu anasema nini. Watu zaidi ya mia walikuwa pale, na hakuna mmoja asiyejua Kizaramo. Nikamwambia Bwana Shauri kwamba anaishukuru serikali.

Hakuna aliyecheka. Hata Mfaume aliangalia miguu yake. Bwana Shauri akafurahi, akamwita mbele, akamwonyesha karatasi, akamuuliza kwa Kiswahili kama kidole kile ni chake. Bi Mwanne alikitazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Ningependa kukuandikia kwamba alinitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayekusubiri umalize kuvaa. Akajibu, ndiyo, Bwana, ni changu. Akarudi akakaa. Wakamvisha Baba joho.

Nilidhani Baba angesema neno. Yeye alikuja barazani akiamini atasikia aibu yake ikisomwa, na alikuwa tayari. Jumatano alinyoa na kuoga kama mtu anayekwenda hukumuni. Watu walipotawanyika akaniita nyuma ya nyumba. Joho alikuwa amelivua, amelikunja. Akaniambia yeye mdomo wake uliwahi kuzibwa na kiganja cha baba yake. Akaniuliza, wewe alikuziba nani? Tangu siku hiyo joho liko kwenye msumari, hajalivaa, na watu wakija na mashauri yao anawaambia waende kwa jumbe. Wanamwambia jumbe ni wewe. Anawaambia hapana.

Dada, unajua mimi si mtu wa maneno makubwa. Naogopa. Naogopa nikisikia baiskeli ya tarishi, naogopa Bwana Shauri akiniita kwa upole. Nimejaribu mara nne kuingia chumbani kwake niseme, na mara nne nimemuuliza kama anataka chai. Lakini kilichoniondolea usingizi si gereza. Ni kwamba mtu alimlilia baba yake kwa jina lisilo lake akiwa mtoto kwa sababu sisi tulimfundisha, na akiwa mtu mzima amekubali uongo mbele ya dunia kwa sababu mimi nilimsomea. Mara zote mbili ni nyumba moja.

Karatasi ya pili ni maelezo yake ya kweli, yote, kama alivyoyasema siku ya kwanza. Juu nimeyaandika kwa herufi za chuoni, chini maneno hayo hayo kwa herufi za kizungu ambazo serikali inazisoma. Mwisho nimeandika kwamba yale ya kwanza niliyatunga mimi, Mwinjuma, bila kulazimishwa na mtu, na kwamba Baba aliniambia niandike haki. Nimetia saini.

Mpelekee. Akikufungulia mlango, msomee ya juu wewe mwenyewe. Lakini asitie kidole bado. Hana sababu ya kuamini kwamba ya chini ni sawa na ya juu, na wewe huwezi kuisoma. Nendeni naye Mlandizi kwa mtu anayejua kusoma herufi za kizungu, asiyetujua sisi, wala msimwambie inahusu nini. Asome kwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha mtafuteni mwingine tena, asome naye. Wakisema neno moja wote wawili, ndipo aamue. Akitaka iende serikalini, nitaipeleka kwa mkono wangu na kusimama hapo hapo mpaka isomwe Kibuta. Akitaka kuichana, ni yake. Akikataa hata kukuona, usimsukume. Iache kizingitini, uwekee jiwe.

Jina la mtoto sina haki ya kulisemea.

Nisalimie shemeji, mwambie nimeandika habari za mvua tu. Mbusu mtoto kwenye nyayo. Baba anakusalimu, ingawa hakuniagiza, maana hatuzungumzi.

Usiniandikie ofisini. Nimeomba likizo ya mwezi mmoja, na keshokutwa nitapanda treni Pugu na kushuka Soga. Nitakuwa kwa rafiki yangu Pazi, yule fundi baiskeli mwenye kibanda chenye bati jekundu, nyuma ya stesheni. Usiulizie karani, ulizia mgeni wa Pazi. Kila Jumanne na kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri nitakuwa stesheni mpaka watu wote waondoke. Ukimtuma mtu, awe mwanamke, na aje na neno la mdomo, asibebe karatasi. Ukija mwenyewe, njoo asubuhi kabla jua halijawa kali kwa mtoto. Na mkija wawili, yeye akae kwenye benchi la kivulini, asihangaike kunitafuta wala kuniita. Mimi ndiye nitakayemfuata.

Ni mimi mdogo wako,
Mwinjuma bin Shomari